Maumivu Mapya ya Panja Hayangoji Siku ya Kliniki

Ukurasa wa afya: wasomaji wanauliza, daktari anajibu

BARUA YA KWANZA

Mwanangu daktari,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi ni mama wa miaka 71, mzaliwa wa Lamu, lakini nimeishi hapa Nairobi, mtaa wa South C, tangu marehemu mume wangu alipohamishiwa huku kikazi. Mwaka jana mabega na nyonga zangu zilikakamaa hata nikawa siwezi kunyanyua mkono kujifunga mtandio, wala kugeuka kitandani bila kumwita mtu anisaidie. Kila alfajiri ilipita zaidi ya saa nzima kabla mwili haujalegea nikaweza kuinama kutawadha. Baada ya kuzungushwa sana, huku wengine wakiniambia ni uzee tu, daktari mmoja alinipima damu akasema ugonjwa wangu unaitwa polimialjia rumatika, akanianzishia vidonge vya prednisoloni, miligramu 15 kwa siku. Wallahi, siku ya tatu niliamka nikachana nywele mwenyewe. Tangu hapo dozi imepunguzwa polepole, na sasa nameza kidonge kimoja na nusu cha miligramu 5, hiyo nusu nikiikata kwa kisu cha jikoni.

Kilichonifanya nikuandikie ni mambo ya wiki mbili hizi. Panja la kulia linaniuma, na si maumivu ya kichwa niliyoyazoea. Nikilalia upande huo sipati usingizi, na pini ya mtandio ikigusa hapo nashtuka. Nikila nyama, taya linachoka na kuuma mpaka niache kutafuna. Nikitulia kidogo linapoa, nikianza tena linauma tena. Nilidhani ni jino, lakini daktari wa meno aliniambia meno yangu hayana neno. Mjukuu wangu anasema ni presha, na muuza dawa wa mtaani kwetu alinipa vidonge vya maumivu. Juzi nilipokuwa nikipanda ngazi za ghorofa yetu, jicho la kulia liliingia kiza kana kwamba mtu ameshusha pazia, likakaa hivyo kama dakika tano, kisha likafunguka. Nimesafisha miwani.

Kliniki yangu ni baada ya wiki tatu. Je, haya ni yale yale ya viungo yanayorudi kwa sababu dozi imepungua? Naogopa kuongezewa prednisoloni kwa kuwa sukari yangu tayari imeanza kupanda. Naweza kungoja?

Bibi wa South C

JIBU

Shikamoo, Bibi. Jibu la swali lako la mwisho ulilipata kwa simu. Barua yako iliponifikia Jumanne alasiri, na nikafika pale pa jicho kuingia kiza, sikuona sababu ya kusubiri toleo la mwezi. Nilimwomba mhariri nambari uliyoiandika mgongoni mwa bahasha, na namshukuru mwanao kwamba hakubishana nami, akakutoa nyumbani usiku ule ule. Umeniruhusu kuichapisha barua pamoja na yaliyofuata, nami nilikuahidi maelezo marefu kuliko yale niliyoweza kuyatoa huku ukitafuta viatu.

Polimialjia rumatika ina ndugu yake wa tumbo moja, anayeitwa arteraitisi ya seli kubwa. Wote wawili huwaandama watu waliovuka miaka 50, hasa wenye zaidi ya miaka 70, na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Huyo wa kwanza hukaa kwenye vifuko vya majimaji na utando unaozunguka mabega na nyonga, ndiyo maana mgonjwa huhisi kama misuli yake yote imepigwa, ilhali misuli yenyewe haina ugonjwa. Wa pili huingia ndani ya kuta za mishipa mikubwa ya damu, hasa ile inayopanda kichwani, na wakati mwingine aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Askari wa kinga ya mwili huuvamia ukuta wa mshipa kana kwamba ni adui, ukuta hunenepa, na njia ya damu husinyaa mpaka inabaki kama uzi. Ukiukata mshipa huo na kuutazama kwa hadubini, mara nyingi utaona baadhi ya chembe zimeungana na kuwa chembe moja kubwa yenye viini vingi, na hapo ndipo lilipotoka jina.

Kati ya wagonjwa 100 wa polimialjia, yapata 15 hadi 20 hupatwa pia na arteraitisi: wengine siku ile ile, wengine miezi kadhaa baadaye wakiwa tayari kwenye dawa, kama ilivyokuwa kwako. Ukihesabu kwa upande wa pili, karibu nusu ya wenye arteraitisi huwa na mabega na nyonga zilizokakamaa. Kwa hiyo mgonjwa yeyote wa polimialjia anastahili kuambiwa habari za ndugu huyu siku ya kwanza anapoandikiwa dawa. Nilikuuliza bila kumlaumu mtu: wewe uliambiwa? Uliponijibu kwenye simu kwamba hapana, sikushangaa. Kliniki zetu zimejaa, na daktari mwenye foleni ya watu 40 nje ya mlango huandika dozi, hutaja tarehe ya kurudi, humwita anayefuata.

Sasa turudi kwenye mtandio. Ungeliniandikia tu kwamba kichwa kinauma, ningekuuliza maswali mengi kabla ya kutikisika, kwa maana vichwa vinavyouma Nairobi havina idadi, na vingi vinatokana na kukosa usingizi, macho yaliyochoka, au kelele za matatu. Ila uliandika neno moja lililonitosha: si maumivu uliyoyazoea. Mtu aliyevuka miaka 50 akipata maumivu ya kichwa yaliyo mapya kwake, hata kama si makali, hayo yana uzito kuliko maumivu makali aliyoyajua tangu ujana. Kisha ukaongeza kwamba ngozi yenyewe ya kichwa haitaki kuguswa. Presha inapopanda haifanyi panja liume kwa kuguswa na pini. Mshipa uliovimba chini ya ngozi hufanya hivyo, na ukiupapasa kwa vidole viwili waweza kuukuta mgumu kama kamba iliyoloa, wenye mafundo, na wakati mwingine bila pigo lolote la damu, ilhali mwenzake wa upande wa pili unadunda kama kawaida.

Mwaka 1890 tabibu mmoja wa London, Jonathan Hutchinson, aliandika habari za mzee aliyeshindwa kuvaa kofia yake kwa sababu ya mistari myekundu yenye maumivu kichwani, naye akagundua kwamba mistari ile ilikuwa mishipa ya panja iliyovimba. Kofia ya mzee yule, Bibi, ndiyo pini yako. Na nyuma kabisa ya hapo, katika karne ya 10, tabibu wa macho wa Baghdad, Ali ibn Isa, alikwisha kuandika juu ya kukatwa kwa mishipa ya panja kwa wagonjwa wenye maumivu ya kichwa na macho yanayoharibika. Wazee hawa hawakuwa na mashine wala vipimo vya damu. Walikuwa na vidole na masikio ya kumsikiliza mgonjwa, navyo vingalipo.

Habari ya taya ndiyo dalili ambayo, nikiisikia kama ulivyoieleza wewe, husimamisha mazungumzo mengine yote. Misuli ya kutafunia hudai damu nyingi wakati wa kazi. Mshipa ukiwa umesinyaa, damu inayopita hutosha misuli ikiwa imetulia tu, na ukianza kutafuna haitoshi. Baada ya matonge machache misuli hulia njaa, nawe huhisi uchovu na maumivu. Ukipumzika, deni hulipwa, maumivu huondoka. Jino bovu halina tabia hiyo, maana huuma kwa baridi, kwa moto, kwa tonge la kwanza, na usiku wa manane. Kiungo cha taya kilicholegea hugota na kuuma papo hapo unapofungua mdomo. Bibi alipoulizwa vizuri kwenye simu alisema kwamba wali na samaki havimsumbui, ila nyama choma na mahindi ya kuchoma amevipa likizo. Ni vema kumuuliza mzee wako hasa ni chakula gani amekiacha siku hizi, kwa maana wengi hawalalamiki. Hubadilisha tu sahani.

Halafu jicho. Neva inayobeba mwono kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo hupokea damu kwa vimishipa vyembamba sana, na vikizibika, kichwa cha neva hiyo hufa kwa kukosa damu. Mara nyingi hakuna maumivu wala wekundu, jicho likitazamwa kwa nje ni zima kabisa. Kabla ya kuzibika moja kwa moja, damu huweza kukatika kwa dakika chache na kurudi, na hicho ndicho kiza ulichokiona kwenye ngazi. Wengine huona vitu viwili viwili kwa muda. Hizo ni hodi, na mwenye nyumba asipofungua, anayebisha haendi zake. Bila matibabu, kati ya watu 100 wenye arteraitisi, yapata 15 hadi 20 hupoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja au yote mawili, na jicho la pili huweza kufuata la kwanza ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Mwono uliokwisha kupotea, mara nyingi haurudi, hata dawa iwe nyingi kiasi gani. Mtoto wa jicho hautoki na kurudi kwa dakika tano. Huo hutanda kwa miezi na miaka. Ndiyo sababu nilikataa habari ya miwani.

Zipo dalili nyingine ambazo peke yake hazisemi mengi: homa ndogo ndogo, jasho la usiku, kupungua uzito, ulimi kuuma, mkono unaochoka haraka ukianika nguo. Hapa kwetu mtu mwenye hayo hupimwa malaria na kifua kikuu kwanza, na si makosa kufanya hivyo, mradi tu vipimo vikirudi safi mtu asiishie kuambiwa aende akapumzike.

Uliuliza kama haya ni yale yale ya viungo yanayorudi. Swali hilo ni zuri, kwa sababu polimialjia yenyewe hurudi mara kwa mara dozi inaposhushwa, na kurudi kwake hakuhitaji gari la usiku. Ikirudi, huja kwa mlango ulioujua: mabega na nyonga, alfajiri kuliko jioni, mikono isiyofika kisogoni. Hapo utampigia daktari wako kesho asubuhi, naye huenda akakurudisha kwenye dozi ya mwisho iliyokutuliza kisha ashuke polepole zaidi, pengine miligramu moja kila wiki nne. Yale ya juu ya shingo ni kesi nyingine. Kichwa kipya, ngozi ya kichwa inayouma kwa kuguswa, taya linalochoka, au badiliko lolote la macho, hata lililokwisha kupita na sasa unaona vizuri, ni la siku ile ile. Kama ni jicho, ni la saa ile ile, katika hospitali yenye daktari wa macho.

Najua wengi hujiambia, kama alivyojiambia Bibi, kwamba maadamu wako kwenye prednisoloni tayari wamekingwa. Miligramu saba na nusu zinaweza kunyamazisha mabega, lakini haziwezi kuuzuia mshipa wa panja. Dozi ya arteraitisi ni miligramu 40 hadi 60 kwa siku, na kama macho yameguswa, mara nyingi huanzwa kwa dripu ya methilprednisoloni, nusu gramu hadi gramu nzima kwa siku, kwa siku tatu. Ukihesabu kwa vidonge vyako vya miligramu 5, miligramu 60 ni vidonge 12 kwa mkupuo mmoja asubuhi. Bibi aliniambia mjukuu wake aliponunua dawa baada ya kutoka hospitalini, muuza dawa alidhani daktari amekosea akataka kumpa kumi na mbili za mwezi mzima. Kwa bahati cheti kilikuwa kimeandikwa kwa maneno na kwa tarakimu.

Hofu yako ya sukari si ya kupuuzwa, na sitakuambia kwamba dawa hii ni maji. Prednisoloni nyingi hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa, huvuruga usingizi, na huyapa maradhi ya kuambukiza nafasi. Kwa hiyo utapimwa sukari mara nyingi zaidi mwanzoni, hasa alasiri, kwa kuwa dawa ya asubuhi huipandisha mchana hata kama kipimo cha alfajiri ni kizuri. Utapewa kalsiamu na vitamini D, na pengine dawa ya kukinga mifupa. Utaulizwa kuhusu kifua kikuu na homa ya ini aina ya B. Sukari iliyopanda ina dawa, na neva ya jicho iliyokufa haina. Nilikuwekea mizani hiyo kwenye simu nawe ukanijibu, "Basi nipe hiyo sukari, mwanangu." Baada ya wiki kadhaa za kutulia dozi itaanza kushuka, ikilenga miligramu 15 hadi 20 kufikia mwezi wa pili au wa tatu, na 5 au chini ya hapo baada ya mwaka. Kuna pia sindano ya tosilizumabu, iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu Marekani na Ulaya mwaka 2017, ambayo humsaidia mgonjwa kupunguza prednisoloni mapema. Bei yake ni kubwa, na huifanya CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, ionekane nzuri hata kama ugonjwa unaendelea, hivyo anayeitumia hawezi kutegemea karatasi ya maabara peke yake.

Kuhusu vipimo, jambo moja linanikera na nitalisema. Mgonjwa mwenye dalili kama za Bibi hasimamishiwi matibabu ati mpaka majibu yatoke. Damu huchukuliwa kupima CRP na ESR, kipimo kingine cha uvimbe mwilini, halafu dozi ya kwanza humezwa papo hapo. Vipimo hivyo kwa kawaida huwa juu sana, lakini wapo wagonjwa wachache ambao vipimo vyao huwa vya kawaida, hasa wanaotumia prednisoloni tayari. Ultrasaundi ya panja ikifanywa na mtu aliyefunzwa huonyesha pete nyeusi kuzunguka njia ya damu, ambayo ni ukuta uliovimba. Pete hiyo huanza kufifia baada ya siku chache za dawa, ndiyo maana ni vizuri ifanywe mapema. Biopsi, yaani kukata kipande cha mshipa wa panja cha angalau sentimita moja kwa ganzi ya pale pale, bado husoma vizuri wiki moja au mbili baada ya dawa kuanza. Na kwa kuwa ugonjwa huruka vipande kwenye mshipa mmoja, kipande safi hakitoshi kumfukuza mgonjwa.

ESR ya Bibi ilikuwa 88. Alilazwa siku tatu kwa dripu, biopsi ikafanywa wiki iliyofuata, ikathibitisha. Kichwa na taya vilitulia kabla ya kutoka hospitalini. Jicho la kulia linaona, isipokuwa kipande cha chini ambacho hakikurudi: akishuka ngazi za ghorofa yao haioni ngazi ya mwisho mpaka ainamishe kichwa, na mjukuu amempigia mstari wa rangi nyeupe ukingoni.

BARUA YA PILI

Daktari, mama yangu ana ugonjwa huu wa mabega na nyonga na amechoshwa na vidonge. Jirani amemletea unga wa mitishamba unaouzwa kwenye chupa isiyo na nembo, na tangu aanze kuutumia amekuwa mzima kuliko alivyokuwa hospitalini. Ameacha prednisoloni wiki tatu sasa. Je, kuna ubaya?

Mwana wa Kariobangi

JIBU

Ndugu yangu, wepesi huo ndio unaonitia wasiwasi. Dawa za viungo zinazouzwa bila nembo zimewahi kukutwa, katika nchi nyingi, zimechanganywa na steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, zile zile anazozikimbia, kwa kipimo asichokijua muuzaji wala mnunuzi. Kama ndivyo ilivyo, mama yako hajaacha steroidi. Ameacha tu kujua anameza kiasi gani. Na unga ukiisha ghafla, tezi zilizo juu ya figo, ambazo zimelala kwa miezi mingi kwa kuwa kazi yao ilifanywa na vidonge, huenda zisiamke kwa wakati: mtu hulegea, hutapika, presha hushuka, na anaweza kufa. Usimnyang'anye chupa kwa ugomvi. Mpeleke kwa daktari wake wiki hii pamoja na chupa yenyewe, na njiani muulize kwa upole kuhusu panja, taya na macho. Akitaja hata kimoja, basi safari ni ya leo.

BARUA YA TATU

Assalamu alaykum, daktari. Mama mkwe ana arteraitisi na yuko kwenye miligramu 40. Ramadhani inakaribia naye hataki kusikia habari ya kula mchana. Tunaweza kumgawia dozi daku na futari?

Mkwe wa Eastleigh

JIBU

Waalaykumu salaam. Akiwa kwenye dozi kubwa kiasi hicho, na hasa kama sukari imepanda, ushauri wangu ni asifunge mwaka huu, na mgonjwa ana ruhusa hiyo katika dini yake. Imamu wa msikiti wenu atalisema vizuri kuliko mimi, na mara nyingi wazee hulipokea kutoka kwake. Atakapofika kwenye dozi ndogo iliyotulia, dozi moja ya siku inaweza kumezwa wakati wa daku, kwa makubaliano na daktari wake. La kuangalia zaidi ni hili: watu wengi huumwa na kichwa siku za kwanza za kufunga kwa kukosa chai na maji, na mzee mwenye arteraitisi akilalamika kichwa wakati huo, nyumba nzima itamwambia ni swaumu. Mwombe akuonyeshe kwa kidole panapouma. Akionyesha panja, futari isubiri.

BARUA YA NNE

Daktari, mimi ni tabibu katika zahanati ndogo ya Kayole. Chuoni tulifundishwa kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu, na sisi hatuna ultrasaundi wala daktari wa macho. Nikimpata mgonjwa wa namna hii nifanye nini?

Tabibu

JIBU

Mwenzangu, ni kweli kwamba ugonjwa huu umeonekana zaidi kwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, na ni nadra kwa Waafrika. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Baltimore, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2019, ulipolinganisha wagonjwa weusi na weupe waliothibitishwa kwa biopsi, ulikuta tofauti ya viwango vya ugonjwa ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Asiyetafutwa hapatikani. Kwa aliye chini ya miaka 50, lakini, tafuta kipandauso na mengineyo kwanza.

Unazo mashine mbili, vidole vyako na swali la taya. Papasa mapanja yote mawili kwa pamoja ulinganishe pigo na ugumu. Mfunike mgonjwa jicho moja kisha la pili umsomeshe kalenda iliyo ukutani, kwa maana mwenye macho mawili wazi huweza kupoteza nusu ya jicho moja asijue. Dalili zikikubaliana, toa damu kama una chupa, mpe miligramu 60 za prednisoloni pale pale, kisha mpeleke. Dozi moja haitaharibu kipimo chochote, na ikithibitishwa baadaye kwamba hana, umempotezea usingizi wa usiku mmoja. Kwenye barua ya rufaa usiandike "maumivu ya kichwa", kwa sababu karatasi hiyo itawekwa chini ya nyingine mia. Andika umri, andika kwamba ana polimialjia na dozi aliyokuwa akitumia, andika "hatari ya kupofuka, nashuku arteraitisi ya seli kubwa", kisha saa uliyompa dozi ya kwanza. Nambari yako ya simu iandike juu kabisa, mahali ambapo anayepokea ataiona kabla ya kumwambia mgonjwa akakae kwenye benchi.